Kadimi haisomeki kwenye udongo wa bonde la Msimbazi: haipo, au mashine haiioni?

Mwanafunzi wa uzamili:
Ndugu wataalamu, nimechukua udongo kwenye bustani za mchicha kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, ili nipime metali mbili zenye sumu, risasi na kadimi, kwa spektrometa ya ufyonzaji wa atomu inayotumia mwali (mashine inayopima metali kwa mwanga ambao atomu zake hufyonza). Nusu gramu ya udongo mkavu niliichemsha katika mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na ya nitriki, kisha nikajaza maji hadi mililita 50. Risasi imesomeka vizuri, lakini kadimi inatoa sifuri na mara nyingine namba hasi. Je, niandike kwamba haimo?

Fundi wa maabara:
Usiandike hivyo kabla ya kupiga hesabu. Kwa vipimo ulivyotumia, miligramu 1 ya kadimi katika kilo ya udongo inakuwa miligramu 0.01 tu katika lita ya kimiminika, na udongo usiochafuliwa sana huwa na chini ya hapo, mara nyingi sehemu chache za kumi za miligramu. Huko mwali hausomi kadimi, unasoma mtetereko wake wenyewe, na ndiyo maana unapata namba hasi. Tumia tanuri la grafiti (bomba dogo linalopasha tone la sampuli badala ya mwali), ambalo kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 228.8 hufika chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Kama hamna, andika "chini ya kikomo cha ugunduzi", yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukitofautisha na sifuri, na ukitaje kikomo chenyewe: rudia sampuli tupu (asidi zilezile bila udongo) mara 10 hivi, tafuta mkengeuko sanifu, yaani jinsi namba zinavyotawanyika, uuzidishe kwa 3.

Mwalimu wa kemia:
Naafiki, ila tanuri lina hila zake. Kloridi iliyobaki kutoka kwenye asidi hupeperusha kadimi mapema wakati wa kuunguza (hatua ya kuchoma uchafu kabla ya kusoma kadimi), kwa hiyo ongeza paladi au fosfati ya amonia ili kuishikilia. Pia mchanganyiko huo wa asidi hauvunji silikati zote (madini ya mawe na mchanga), hivyo usiyaite matokeo yako "jumla" ya metali. Na chekeche uliyochekechea udongo imetengenezwa kwa kitu gani?

Mwanafunzi wa uzamili:
Ni ya shaba ya manjano, Mwalimu. Je, hata risasi yangu imeharibika?

Mwalimu wa kemia:
Huenda, kwa kuwa aloi hiyo mara nyingi huwa na risasi kidogo. Chekecha mchanga wa kwatzi uliooshwa kwa asidi, uuchemshe kama sampuli nyingine, na pembeni uchemshe mchanga huohuo usiochekechwa. Tofauti ya risasi kati ya hizo mbili imetoka kwenye chekeche. Sampuli zijazo zipitishe kwenye nailoni.