Krimu ya kulala nayo usoni: asubuhi laini, ikifika mchana uso unabana tena

Zuhura_Zamu

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada, hasa kwa wenye ngozi mchanganyiko kama yangu: paji la uso na pua vinang'aa mafuta, lakini mashavu yanakauka mpaka pembeni ya midomo ngozi inaanza kubanduka. Kazi yangu ni ya zamu, nashinda kwenye chumba chenye kiyoyozi, na nikitoka hapo uso unakuwa umepauka kabisa.

Nimeanza kutumia krimu ya usiku, ile ya kupaka ukienda kulala na kunawa asubuhi. Jina silitaji kwa sababu sikuja kuisifia wala kuiponda, nataka kuielewa. Ni nyeupe, imekaa kama utelezi mzito. Ukiichota inabaki na shimo la kidole, ukiiacha kidogo inajisawazisha yenyewe kama vile haikuguswa. Ukipaka inaleta ubaridi, baadaye inaacha utando unaonata kiasi. Kwenye kibandiko wameanza na maji, gliserini, dimethikoni, kisha msururu wa majina marefu. Asidi ya hailuroniki iko karibu na mkiani, wakati mbele ya kopo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote.

Sasa nilichokiona. Asubuhi naamka uso umejaa, mashavu yanateleza, ile mikunjo midogo chini ya macho imefifia. Kweli nafurahi. Nanawa kwa sabuni yangu ya kipande, najipaka mafuta ya kukinga jua, natoka. Kabla ya saa sita mchana mashavu yanabana tena, nikicheka nahisi ngozi inavutika. Yaani yale ya usiku yote yamekwenda wapi?

Jambo lingine, nikiipaka juu ya seramu yangu na kusugua kidogo tu, inajiviringisha vipande vyeupe kama uchafu wa kifutio. Halafu vimeanza kutokea vipele vyeupe vidogo chini ya jicho la kushoto, vigumu, haviumi, haviwashi, na havina usaha.

Swali langu kubwa ni hili: hii krimu kweli inaingiza maji kwenye ngozi, au inakaa juu tu na kunifurahisha asubuhi? Na je, niendelee nayo?

Kaunta_ya_Dawa

Dada Zuhura, nimefanya kazi ya kuuza dawa na vipodozi kwa muda mrefu, na swali lako naletewa mara nyingi. Nikujibu kwa kirefu kidogo.

Ngozi ya juu kabisa, ile tunayoigusa, ni seli zilizokwisha kufa zilizopangana kwa tabaka, na katikati yake kuna mafuta yanayozishikanisha. Unene wake wote ni takribani milimita 0.02 au pungufu. Tabaka hilo ndilo linalozuia maji ya mwilini yasitoke hovyo. Maji yake yakishuka chini ya asilimia 10 hivi linakakamaa, linabanduka, na hapo ndipo unaposikia uso unabana. Usiku ngozi hupoteza maji zaidi kuliko mchana, ndiyo maana watu wakabuni krimu za kulala nazo.

Krimu nzuri ina makundi matatu ya viambato. Kuna vinavyovuta maji na kuyashika: gliserini, yurea, asidi ya hailuroniki. Kuna vinavyojaza nyufa kati ya seli na kulainisha: skwaleini, siagi ya shea, seramidi. Na kuna vinavyofunika juu ili maji yasiruke: mafuta ya mgando, nta, dimethikoni. Hiyo yako ina kuvuta na kufunika, hilo liko wazi kwenye kibandiko. Kundi la kati sijaliona kwenye ulivyotaja, angalia kwenye huo msururu kama kuna seramidi.

Kuhusu asidi ya hailuroniki kuwa mkiani, usishtuke. Kwa kanuni za Ulaya na Marekani viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, lakini vilivyo chini ya asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote, na kiambato hiki kwa kawaida hutiwa kidogo tu. Sifa anapewa yeye, lakini anayefanya kazi kubwa humo ndani ni gliserini, ambayo ni rahisi, ya siku nyingi, na haina makuu. Mimi nikiona gliserini iko ya pili au ya tatu naridhika.

Nije kwenye swali lako. Krimu haichomi maji ndani kama sindano. Inayashika yaliyopo na kuyazuia yasitoke. Ukiipaka kwenye uso mkavu ndani ya chumba kikavu, gliserini haina maji mengi ya kushika. Ukiipaka uso ungali na majimaji, mara tu baada ya kunawa, inafungia yale maji. Usijifute mpaka ukauke, gusa tu kwa taulo halafu paka hapo hapo.

Lakini ukiniuliza mimi, mwizi wako ni ile sabuni ya asubuhi. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ya 9 hadi 10. Ngozi ya uso inataka asidi kidogo, karibu 5. Unapoamka na uso laini kisha ukaupiga sabuni, unaondoa krimu, unaondoa na mafuta ya asili yanayoshikanisha seli, kisha unakwenda kukaa kwenye kiyoyozi saa nzima nzima. Asubuhi nawa kwa maji matupu ya uvuguvugu, au kiosheo kisicho na sabuni. Sabuni achia miguu.

Kujiviringisha ni seramu na krimu kutopatana. Mara nyingi silikoni (dimethikoni ni mojawapo) inakutana na seramu yenye viungo vya kunatisha ambayo haijakauka. Punguza seramu, subiri iingie, kisha krimu uibandike kwa viganja badala ya kusugua. Au iache kabisa hiyo seramu usiku, ikiwa nayo ni ya unyevu huo huo huna hasara yoyote.

Bi_Mwana

Mwanangu Zuhura, mimi ni mtu mzima na nina pumu ya ngozi tangu utotoni, kwa hiyo ngozi kavu ninaijua ndani nje. Kaunta amesema vema, ila naongeza langu.

Si lazima iwe krimu ya kopo zuri. Mimi naosha uso, ungali na maji napaka losheni nyepesi isiyo na manukato, kisha juu yake, kwenye mashavu na pembeni ya midomo tu, napitisha mafuta ya mgando kidogo sana. Kidogo ninaposema namaanisha ukubwa wa punje ya mtama kwa kila shavu, unapashia kati ya vidole mpaka yayeyuke ndipo unapobandika. Mafuta hayo hayana maji wala hayavuti maji, kazi yake ni kufunga mlango tu, lakini kwa kufunga mlango hakuna kinachoyashinda. Yule Robert Chesebrough aliyapatia hataza kule Marekani mwaka 1872, na mpaka leo madaktari wa ngozi wanayaandika kwa wagonjwa kama mimi.

Na jambo la manukato usilidharau. Ukiona neno "parfum" kwenye kibandiko na ngozi yako imeshaanza kubanduka, weka pembeni. Ngozi iliyopasuka inaingiza kila kitu, inachokozwa upesi. Krimu inayochoma kila usiku haikufai, hata wakisema ndiyo inafanya kazi. Mimi kitu kipya chochote nakijaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono, usiku kadhaa mfululizo, kabla hakijagusa uso.

Paji_la_Mafuta

Bi Mwana shikamoo. Naheshimu uliyosema, ila naomba wenye mafuta mengi wasome na upande wa pili. Mimi krimu nzito usiku nikipaka paji la uso naamka na vipele vidogo vidogo vya namna moja, vinawasha, vimejipanga hadi kwenye mstari wa nywele. Daktari aliniambia ni fangasi wa ngozi, aina ya malassezia, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu na anakula mafuta. Nilipewa dawa ya fangasi na vikaisha. Dawa za chunusi havikuzisikia kabisa.

Dada Zuhura, si lazima uso mzima upakwe kitu kimoja. Krimu yako weka mashavuni na kuzunguka midomo. Paji na pua viachie jeli nyepesi ya gliserini au usipake kitu. Uso wangu nauhudumia kwa vipande na hali ni nzuri.

Bi_Mwana

Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nikasema mashavu na midomo tu, paji sikulitaja. Umefanya vizuri kueleza habari ya fangasi, wengi wanateseka nayo wakidhani ni chunusi.

Salma_Msomaji

Niingize neno moja kwa wanaosoma kimya kimya. "Krimu ya usiku" ni jina linalobeba mengi. Zipo nyingine zinauzwa kwa jina hilo hilo na kazi yake ni kuchubua. Ukiona imeandikwa inang'arisha au inatoa weupe, au haina kibandiko cha viambato kabisa, au muuzaji ameichanganya mwenyewe kwenye kopo tupu, usiipake. Ndani yake kunaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi kama klobetasoli. Zebaki inaharibu figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeweka vipodozi vyenye zebaki, sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zikiwemo, kwenye orodha ya bidhaa za kuondolewa sokoni. Steroidi zinakudanganya kwanza: uso unatulia na kulainika haraka ajabu, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha kupaka uso unawaka moto. Kwa hiyo krimu inayokupa uso mpya kwa usiku mmoja, iulize maswali makali. Ya Zuhura haionekani kuwa hivyo, maana viambato vyake anavisoma na kila asubuhi anaona unyevu tu, si rangi.

Zuhura_Zamu

Asanteni sana, na Bi Mwana shikamoo. Nimerudi kutoa habari kwa sababu sipendi mtu anayeuliza kisha anapotea.

Nimesoma kibandiko tena kwa tochi ya simu. Seramidi hakuna. Skwaleini ipo, baada ya dimethikoni tu. "Parfum" ipo, mwisho kabisa. Haijawahi kunichoma, hata pale ngozi inapobanduka, ila nimeliandika hilo kichwani, kopo hili likiisha nitatafuta isiyo na manukato.

Nilianza na kubadilisha jambo moja tu ili nijue lipi ni lipi. Sabuni ya asubuhi nimeiacha, nanawa kwa maji. Siku ya kwanza niliona kama sijanawa, utando ule wa usiku hautoki wote na mkono unateleza. Nikajipaka mafuta ya kukinga jua juu yake hivyo hivyo, nikaenda zamu. Ilipofika mchana nikajigusa shavu kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa laini bado. Halijabana. Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha chooni, nikaukunja uso, nikacheka peke yangu, na ngozi ilinifuata bila kuvutika. Jioni ukavu ulikuja kidogo pembeni ya midomo, basi. Imeendelea hivyo hivyo siku zilizofuata.

Baadaye ndipo nikaongeza la kupaka uso ungali na maji. Hapa nina la kuwaambia wenye krimu za namna hii: maji yakizidi inateleza tu na haishiki, unajikuta unaisogeza huku na huku. Uso uwe na umande, usiwe unadondosha. Na inatosha kidogo zaidi kuliko nilivyokuwa napaka, kwa hiyo hata ule mnato kwenye foronya umepungua. Seramu nimeiweka pembeni, vile vipande vyeupe sivioni tena. Paji naliruka, nimekusikia Paji_la_Mafuta.

Kaunta, bado hujanijibu habari ya vipele chini ya jicho. Vipo vile vile, havikui wala havipungui. Niviminye?

Kaunta_ya_Dawa

Nisamehe, nililipita swali hilo. Usiviminye hata kidogo. Kwa maelezo yako vinafanana na milia, ambavyo ni vifuko vidogo vilivyojaa keratini, protini ile ile ya kucha na nywele. Havina tundu la kutokea, kwa hiyo kuviminya ni kujiumiza na kujiachia kovu chini ya jicho. Krimu nzito huhusishwa navyo, kwa hiyo isogeze, iishie kwenye mfupa wa shavu, usiipandishe mpaka kwenye kope. Vingi huondoka vyenyewe, ila huchukua wiki au miezi. Vikikukera, daktari wa ngozi anavitoboa kwa sindano safi na kutoa kile kipunje kwa muda mfupi sana, na akiviona atakuthibitishia pia kama ndivyo vyenyewe. Asidi za kuchubua usizipake hapo kwa matumaini ya kuviyeyusha, ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba mno.

Na kwenye kopo lako tafuta kile kialama cha kopo lililo wazi chenye namba na herufi M. Kama ni 6M, ni miezi 6 tangu siku ulipoifungua. Andika tarehe chini ya kopo kwa kalamu ya wino usiofutika, na uchote kwa kijiko kidogo kisafi badala ya kidole.

Zuhura_Zamu

Nimeiona, ni 12M. Tarehe nimeandika. Vipele naviacha, nikipata nafasi baada ya zamu za mwezi huu nitakwenda kwa daktari wa ngozi.