Kazi za utafiti wa sayansi ukiwa Mwanza: mlango uko wapi?

Dagaa_wa_Igoma:
Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe vya majini, GPA 3.6. Kila nikifungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, nafasi za utafiti ni za kuhesabu. Niendelee kuikomalia, au kuna mlango mwingine? Na barua pepe ya kumwomba profesa kazi inaandikwaje mpaka ijibiwe?

Mawe_ya_Ziwa:
Mkuu, kuna ajira ya kudumu na kuna kazi ya mradi, usizichanganye. Ya kudumu chuo cha umma huanzia TA (Tutorial Assistant, mhadhiri msaidizi wa ngazi ya chini kabisa), na hapo wanataka GPA 3.8. Kwa 3.6 utachujwa kabla barua yako haijasomwa.

Kazi ya mradi ni habari nyingine. Mtafiti akipata ufadhili anahitaji msaidizi wa miezi 6 au mwaka, na mara nyingi tangazo linaishia kwenye ubao wa taasisi au magrupu ya WhatsApp. Kwa Mwanza anza na TAFIRI (utafiti wa uvuvi) kwa mambo ya ziwa, TARI Ukiriguru (utafiti wa kilimo) kwa pamba na mihogo, kisha za afya: NIMR (utafiti wa magonjwa ya binadamu), MITU (kitengo cha majaribio ya tiba) na CUHAS, chuo kikuu cha afya pale Bugando. Usiziruke hizo za afya ukidhani ni za madaktari tu: kichocho hubebwa na konokono wa majini, na anayejua kuwakusanya ufukweni na kuwatambua kwa jina la kisayansi ni mtu wa fani yako, si daktari.

Chujio:
Barua pepe isizidi nusu ukurasa. Sentensi ya kwanza itaje kazi yake moja uliyoisoma na kitu mahususi ndani yake. Ya pili iseme mikono yako inaweza nini: kupima uwazi wa maji kwa diski ya Secchi (sahani inayozamishwa mpaka isionekane), kuchuja sampuli za klorofili (rangi ya kijani ya mwani), kuchambua data kwa R, programu ya takwimu. "Mimi ni mchapakazi" haimsaidii mtu. Ambatisha PDF moja tu, CV ya kurasa 2 pamoja na transkripti. Zinazoua maombi ni barua ileile kwa watu 20 wanaoonana kwenye orodha, na vyeti vilivyoskaniwa kwa simu mpaka faili halifunguki. Kimya wiki 2? Kumbusha mara moja, basi.

Mawe_ya_Ziwa:
Na portal usiitelekeze, nafasi za maabara hutokea. Wengi huangushwa na vitu vidogo: barua isiyosainiwa, "result slip" (karatasi ya matokeo) badala ya cheti chenyewe, vyeti visivyothibitishwa na wakili, majina ya NIDA yasiyofanana na ya cheti. Hilo la majina lianze leo, maana kiapo na marekebisho huchukua muda mrefu kuliko tangazo lenyewe.

Dagaa_wa_Igoma:
Ahsanteni sana. Konokono sikuwahi kuwafikiria kabisa. Nikiitwa, niulize nini kabla ya kusaini?

Chujio:
Posho ya uwandani: ni ya kila siku au imemezwa na mshahara? Michango ya NSSF inakatwa? Jina lako litaingia kwenye chapisho au utashukuriwa tu mwishoni? Na kama kuna kwenda ziwani usiku, boti ina maboya ya kuvaa mangapi.