Kadi ya pili ya grafiki haionekani kwenye mashine ya soketi mbili: ninunue prosesa nyingine?

Mchora_Ramani (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Mimi huchorea wateja nyumba hapa Nakuru, na picha za mwisho narenda kwa Blender nikitumia Ubuntu. Nilinunua mashine ya mtumba, ex-UK, ile minara mizito ya ofisi yenye soketi mbili za prosesa. Soketi moja ina Xeon E5-2680 v4, nyingine iko tupu na kifuniko chake cha plastiki.

RTX 3060 ya kwanza inafanya kazi bila shida. Juzi nimeongeza nyingine kama hiyo kwa sloti ndefu ya chini kabisa. Feni zinazunguka, lakini nvidia-smi, amri ya kuangalia kadi za Nvidia, inaona moja tu, hata lspci, inayoorodhesha vifaa vyote vya kwenye sloti, haioni ya pili. Nimezibadilisha nafasi, kadi zote mbili ni nzima.

Aliyeniuzia anasema dawa ni kununua prosesa ya pili. Ni kweli au anatafuta biashara? Na nikiiweka, kadi ya pili itakuwa ya prosesa gani? Nauliza hivyo kwa sababu binamu yangu wa Egerton anataka kuitumia usiku kufunza modeli zake za AI.

Otis_254
Pawa saplai hiyo. Haitoshi kadi mbili.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Otis, kadi yenye njaa ya umeme kwa kawaida huonekana, kisha mashine inazima kazi ikipamba moto. Hii haionekani kabisa hata kwa lspci. Dada, aliyekuuzia hajakudanganya, ila hajakwambia yote.

Kwa mashine za aina hiyo, sloti haziwi za kompyuta nzima. Kila E5-2600 v4, familia ya hiyo yako, ina njia 40 za PCIe 3.0, yaani njia za data za kwenda kwa sloti, zinazotoka ndani ya prosesa yenyewe. Waliotengeneza bodi wamevuta baadhi ya sloti hadi soketi ya kwanza, na nyingine hadi ya pili. Soketi ya pili ikiwa tupu, sloti zake ni plastiki na shaba tu. Umeme zinapata, ndiyo maana feni zinazunguka, lakini upande wa pili wa waya hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Fungua mwongozo wa huo mfano wa mashine, kuna ukurasa wa sloti unaoonyesha kila moja ni ya CPU ipi. Bodi nyingine zimeandikwa hayo kwa maandishi madogo kando ya sloti, chukua tochi. Kisha hamisha kadi uiweke kwa sloti nyingine ya CPU 1. Hiyo haigharimu shilingi.

Mzee_wa_Lurambi (Kakamega)
Fundi, mimi nimefungua seva tangu enzi za Xeon X5600. Sloti ni za bodi. Nimetoa prosesa ya pili mara nyingi tu na kadi zikaendelea kuonekana.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Mzee, kwa X5600 uko sawa kabisa. Wakati huo PCIe ilitoka kwa chipu iliyokaa kwenye bodi, na prosesa zote mbili zingeweza kuifikia. Intel walihamisha PCIe ndani ya prosesa za soketi mbili na E5-2600 ya kwanza, 2012. Tangu hapo, ukitoa prosesa umeondoka na sloti zake, pamoja na nafasi zake za RAM.

Mzee_wa_Lurambi (Kakamega)
Sawa, nimekusoma.

gpu_addict_bgm (Bungoma)
Hata akiweka prosesa ya pili atajuta. Kadi moja CPU 1, nyingine CPU 2, data inavuka QPI, kile kiungo kati ya prosesa mbili, inakufa hapo.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Haifi. QPI ya 9.6 GT/s hupitisha GB 19.2 kwa sekunde kila upande, na PCIe 3.0 ya njia 16 haifiki hata 16. Tatizo ni kuchelewa, na pia kwamba prosesa zenyewe zinapita hapo hapo kufuata RAM ya mwenzake. Ni kama mzigo wako uko Dunga nawe uko Mamboleo: barabara ipo, lakini lazima ukatize mjini pamoja na matatu zote.

Kwa Blender hutaona tofauti. Sini, yaani mchoro mzima wa kurenda, inapakiwa kwa kadi mara moja, baada ya hapo kadi inahesabu peke yake dakika nyingi. Jambo moja tu, dada: hizo GB 12 mbili hazijumlishwi kuwa 24. Sini inakaa nzima kwa kila kadi, na 3060 haina NVLink, kiungo cha moja kwa moja kati ya kadi.

Binamu ndiye angeumia, maana kufunza modeli ni kulisha kadi data bila kukoma, na kadi mbili zikifanya kazi pamoja hubadilishana matokeo kila hatua. Siku mtakapoweka prosesa ya pili, aendeshe `nvidia-smi topo -m`. Akiona SYS kati ya kadi mbili, basi zinaonana kwa kuvuka soketi. Kila kazi aifunge kwa upande wa kadi yake, mfano `numactl --cpunodebind=1 --membind=1` (prosesa ya pili na RAM yake), na soketi ya pili iwe na RAM yake, la sivyo hiyo membind haina cha kushika.

Akinyi_M (Kisumu)
Nyongeza kwa wanaotumia Windows: toleo la Home hutumia soketi moja tu. Mtu ananunua prosesa na hitsinki, halafu Windows haiitumii kabisa. Inatakiwa Pro.

Mchora_Ramani (Nakuru)
Asanteni sana. Mwongozo unasema sloti ya chini ni ya CPU 2. Nimehamishia kadi kwa sloti ya katikati na imeonekana mara moja! topo inaonyesha PHB, yaani zote ziko kwa prosesa moja. Lakini lspci -vv inasema Width x8 wakati sloti ni ndefu kama ile nyingine. Ni mbovu?

gpu_addict_bgm (Bungoma)
Si mbovu. Urefu ni wa plastiki, ndani wameunganisha njia 8. Njia 40 zinagawanywa na vifaa vingine pia. Kwa kurenda x8 inatosha kabisa, nakubaliana na Fundi.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Prosesa achana nayo kwanza. Ni wati 120 nyingine kwa tokeni za stima, na kadi ndizo zinazorenda.

Mchora_Ramani (Nakuru)
Sawa. Ila sasa kadi zimebanana, ya juu inapanda hadi nyuzi 84 baada ya robo saa.

Akinyi_M (Kisumu)
Inavuta hewa moto ya mwenzake. `sudo nvidia-smi -i 0 -pl 130`, hakikisha kwanza 0 ndiyo ya juu. Hiyo inaishusha hadi wati 130; kiwango chake cha kawaida ni 170, na kwa Blender utapoteza kasi kidogo tu. Ukizima mashine inarudi 170, kwa hivyo iandike kwa skripti ya kuwasha. Na hicho kifuniko cha pembeni kirudishe, hiyo minara imepangwa hewa ipite kikiwa kimefungwa.