Mjadala: Ripita ikiunganishwa na intaneti, bado ni redio?

Mleta mada, Tanga

Wakuu, salaam. Naleta jambo lililotugawa kikundini kwetu tangu mwaka jana. Wenye leseni na wasio nayo, wote mchangie, maana siku ya mafuriko ripita si ya wanaredio wa ridhaa (wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara) peke yao.

Kwa asiyejua: ripita ni redio inayokaa kileleni. Inapokea sauti kwenye masafa fulani na papo hapo inairusha kwenye masafa mengine, kwa kawaida kilohezi 600 pembeni kwenye bendi ya mita 2 (karibu megahezi 145). Redio ya mkononi ya wati 5 ukiwa bondeni huenda isivuke hata kijiji cha pili. Ikiipata ripita iliyo juu mita 1,000, sauti inafika kilomita 130 hivi kabla mviringo wa dunia haujaikata. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Nairobi kwa mfano, ama urushe kwa masafa mafupi (shortwave, mawimbi yanayofika mbali kwa kurudishwa na anga ya juu), ama uiunganishe ripita na intaneti kwa EchoLink, IRLP au mfumo mwingine wa aina hiyo.

Fedha tuliyochanga inatosha kitu kimoja. Wengi wanataka intaneti. Mimi nasema kwanza betri na sola ya kilimani, pamoja na redio moja ya masafa mafupi. Sababu yangu ni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Bando nilikuwa nalo, lakini hata ujumbe mmoja wa sauti haukufunguka. Nikatoka uani, nikachomeka waya wangu wa mita 20 uliofungwa kati ya mwembe na nguzo ya bafu, nikaita kwenye megahezi 7. Akajibu mtu ambaye ishara yake ya wito, yaani jina lake la redio, inaanza na 5Z4: Kenya. Mikwaruzo ilikuwepo, lakini jina la mji wake nililipata bila kumwomba arudie. Kati yangu na yeye palikuwa na anga tu.

Mdau, Nairobi

Mkuu, nakuelewa, lakini umewasahau vijana. Mtu anasoma, anapata leseni, ananunua kiredio cha mkononi, anaita wiki nzima asijibiwe. Tuko wachache mno! Mwishowe redio inaingia kabatini. Yangu ilikaa humo miezi minane. Kilichonirudisha ni EchoLink: nilituma nakala ya leseni, ikakaguliwa, nikaingia kwa simu kwenye ripita ya Kanada na kuongea na mzee mmoja aliyekuwa anaendesha gari kwenye theluji. Saa nzima ya maongezi haifiki megabaiti 10, kwa hiyo tusisingizie gharama. Betri mtaweka, sawa. Nani atakuwepo wa kuzitumia?

Mdau, Mombasa

Ndugu yangu wa Nairobi, yule mzee alikuwa kwenye redio. Wewe ulikuwa kwenye simu. Dave Cameron alipoanzisha IRLP kule Vancouver mwaka 1997 alilikataa jambo hili tangu mwanzo: intaneti ibebe sauti katikati, lakini anayeongea awe ameshika redio, huku na huku. EchoLink ilipokuja mwaka 2002 ikafungua mlango kwa kompyuta, baadaye na simu. Mimi siupendi mlango huo. Mtu anaweza kukaa na leseni miaka kumi asijue kupandisha antena.

Mdau, Leicester

Mzee wangu wa Mombasa, naishi ghorofa ya nne na mwenye nyumba hataki kuona waya dirishani. Bila simu ningekuwa nimeshaiacha kazi hii. Halafu tusiidharau intaneti kwenye majanga. Kituo cha wanaredio kilichoko kwenye ofisi ya taifa ya vimbunga ya Marekani, WX4NHC, hupokea taarifa kwa masafa mafupi na pia kwa EchoLink na IRLP. Mtu wa kisiwani anasema upepo anaouona kwa macho yake, nao ofisini kule Miami wanamsikia.

Mdau, Moshi

Mimi ni fundi, nina jambo moja. Nimewahi kupanda kilima kwa miguu kwa muda wa saa tatu, nimebeba betri mgongoni, kwa sababu ripita ilikuwa kimya siku mbili. Redio nzima, antena nzima, umeme upo. Kilichokufa ni kadi ya kumbukumbu kwenye kikompyuta cha intaneti, ndogo kama ukucha. Aliyefunga alikifanya kikompyuta hicho kiwe ndiyo akili ya ripita yote. Kilipozimika, hata watu wawili walio chini ya kilima kilekile hawakuweza kuongea. Nilikaa pale kileleni nimeishika ile kadi, nikasikitika sana.

Mleta mada, Tanga

Fundi, asante. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta nikashindwa kulisema.

Nairobi na Leicester, nimewasikia, na kwa upande wa vijana nimebadilika. Lakini Leicester, kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilinyamaza. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba wanaredio, na 22 walikwenda na redio za masafa mafupi. Kabla ya upepo intaneti inasaidia kweli. Baada ya upepo haikuwepo.

Kwa hiyo kikundini nitapeleka hoja hii: intaneti iwekwe, ila baada ya betri, na iwe na sakiti yake pembeni. Ripita ibaki na kidhibiti chake chenyewe kisichojua kama ruta ipo au haipo. Mombasa, hata wewe nadhani hapo hutapinga.

Mdau, Mombasa

Sipingi. Ila mpime kabla ya kumlipa fundi. Mtu apande, ang'oe waya wa ruta, akae nao mkononi saa nzima, na nyinyi huku chini muitane.

Mdau, Moshi

Nitapanda mimi. Semeni tarehe.