MREJESHO: Printa iliyokuwa inapotea kila umeme ukikatika

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona: duka letu la nyavu na kamba hapa Kirumba, Mwanza, lina kompyuta tatu na printa moja ya Wi-Fi. Umeme ukikatika na kurudi, printa haipatikani. Kila asubuhi naifuta kwenye kompyuta na kuiweka upya, huku wavuvi wamesimama kaunta wanasubiri risiti wawahi mwaloni.

Aliyeniambia nichapishe karatasi ya mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe, Mungu akubariki. Karatasi ilionyesha anwani ya printa kwenye mtandao wetu (IP) ni 192.168.1.7, wakati kompyuta zote zilikuwa bado zinatuma kwenye 192.168.1.4. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, nikakuta hiyo 4 imeshikwa na simu ya kijana wa stoo! Kumbe ruta yetu ikizima inasahau, ikiwaka inagawa anwani upya, anayewahi ndiye anayepata.

Nikachukua MAC ya printa, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, zile herufi na tarakimu 12, nikaitengea 192.168.1.4 sehemu ya DHCP, pale ruta inapogawia anwani, kisha nikaizima ruta na kuiwasha. Hapo nilipoteza karibu saa nzima kwa kusoma 8 kama B, kwa hiyo kagueni mara mbili. Kompyuta sikuzigusa kabisa.

Tangu Jumatatu umeme umekatika mara nne, na jana nilichomoa ruta kwa makusudi. Printa inarudi yenyewe. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya ruta nanunua mwisho wa mwezi, maana mfumo wa mauzo nao unakatika katikati ya ankara.

Asanteni sana.