Ushauri jamani: maganda ya matoke, nifanye mkaa au nifuge funza?

Gunia_Tupu (mwanzisha uzi): Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Nipo Kampala, upande wa Kalerwe. Jioni napita vibandani na mahotelini kukusanya maganda ya matoke na mabaki ya chakula, napewa bure. Nataka kutengeneza mkaa mbadala, ule wa maganda yaliyochomwa na kushikwa kwa uji wa muhogo. Wengine wanasema nifuge funza wa inzi askari mweusi niuze chakula cha kuku. Mtaji upo. Kipi kinalipa? Usingizi sipati.

Binti_Bombo: Mkaa huo nimewahi kuununua. Maharage yanaiva na moto bado upo. Ila kuuwasha, weee! Siku hiyo bwana alitoka bila chai, tukanuniana mpaka Ijumaa. Na tatizo halikuwa chai peke yake, ni dada yake yule...

Mzee_Kuku: Funza. Wanakula mabaki wiki mbili hivi, ukiwakausha karibu asilimia 40 ni protini. Mukene (dagaa wa kulishia kuku) tunaouziwa umejaa mchanga. Na inzi wake akishakomaa hana haja ya chakula, hatakufuata mezani.

Ustadhi_Mtaani: Agosti 2024 lundo la taka za Kampala kule Kiteezi liliporomoka, zaidi ya watu 30 wakafa. Na bado tunatupa posho (ugali) eti imepoa! Tumrudie Mungu.

Kikokotoo: Ndugu, "mtaji upo" ndiyo nini? Kiasi gani, na wa nani?

Gunia_Tupu: Mnauliza mengi. Mtaji ni mtaji.

Kikokotoo: Wa nani?

Gunia_Tupu: Milioni nne. Za kikundi chetu cha akiba, mimi ndiye mweka hazina. Sijaiba, nimeazima, tunagawana Desemba. Fundi wa Katwe nimeshamlipa nusu ya mashine ya kushindilia, kwa hiyo msiniambie niache.

Binti_Bombo: Yarabi! Kumbe pesa za akina mama wa watu!

Kikokotoo: Ganda bichi zaidi ya asilimia 80 ni maji. Kilo 100 zikikauka hazifiki 20, ukizichoma upate mkaa kilo tano au sita. Sasa gawanya hiyo kwa Desemba.

Ng'ombe_wa_Gayaza: Huyu anatutungia hadithi. Kalerwe ipi maganda ni bure? Sisi wafugaji tunalipia gunia, na ukichelewa hukuti kitu. Mods, fungeni uzi.

Mzee_Kuku: Nami nilishangaa. Mweka hazina gani anajianika hivi?

Gunia_Tupu: Situngi! Maganda safi ni ya vibanda viwili tu. Mengine ni ya mahotelini, yamechanganyika na wali, posho, mifupa na kaveera (mifuko ya plastiki). Ninyi wenye ng'ombe hamyataki, ndiyo maana napewa.

Mzee_Kuku: Haya, nakuamini. Toa kaveera na mifupa, hayo ni mlo wa funza kabisa! Wali na posho utachomaje mkaa?

Gunia_Tupu: Nyumba ni ya mama mkwe. Nimpelekee funza uani?

Ustadhi_Mtaani: Pesa za watu umethubutu, mkwe ndiye unamwogopa?

Kikokotoo: Mashine usiiache basi. Wauza mkaa hubaki na vumbi chini ya magunia. Lishindilie hilo kwa uji wako wa muhogo, halina haja ya kuanikwa wala kuchomwa kwanza kama maganda. Na kikundi uwaambie wiki hii, kabla hawajasikia kwa fundi.

Gunia_Tupu: Kuwaambia nitawaambia mkaa ukishauzika. Wakiona faida hawatagomba.

Binti_Bombo: Mwenyekiti wenu asiwe anasoma humu tu.

Ng'ombe_wa_Gayaza: Yale safi ya vibanda viwili bado unayo? Nina ndama.

Gunia_Tupu: Kwani gunia mnalipa ngapi?