Lua ndani ya C++: klasi mbili zenye jina moja zinagongana, nifanyeje?

fundi_saa_nane: Wakuu salaam. Nina kagemu nakaandika kwa C++, nimepachika Lua 5.4 (lugha ndogo ya skripti) ili mdogo wangu anayetengeneza hatua za gemu asisubiri nikompaili kila mara. Klasi zilipokuwa nne nilizimwaga zote kwenye globali, yaani majina yanayoonekana kila mahali. Sasa zimepita thelathini, na mbili zinaitwa Faili: ya picha na ya sauti. Nikaunda majedwali mawili, `picha` na `sauti`, kila Faili ikakaa kwake. Lakini nikiandika

`sauti.Faili("ngoma.ogg"):cheza()`

Lua inadai `cheza` ni nil, yaani haipo. Na gemu ikifungwa inaanguka puu!

Kitasa: Si uite tu SautiFaili na PichaFaili ukalale?

bi_pointa: Kitasa, zikifika mia utamsikia huyo mdogo wake.

Mkuu, hebu angalia, bila shaka umeandika `luaL_newmetatable(L, "Faili")` mara mbili. Jina hilo haliendi kwenye jedwali lako, linaenda kwenye rejista (jedwali la ndani la Lua la kutunzia vitu vya upande wa C), nayo ni moja tu kwa Lua nzima uliyoifungua. Mara ya pili inarudisha 0 na kukupa metajedwali (jedwali linaloshika mbinu za klasi) lilelile la picha. Ukiwa na `if` pale inayosajili mbinu jibu lisipokuwa 0 tu, mbinu za sauti hazisajiliwi kabisa. Kuanguka nako ni hapohapo: `__gc` ya picha, ile kazi ya usafi Lua inayoiita ikitupa kitu, inavunja kitu cha sauti.

Andika "gemu.picha.Faili" na "gemu.sauti.Faili", na `luaL_checkudata`, inayokagua aina ya kitu, itumie majina hayohayo. Tangu 5.3 jina hilo linawekwa pia kwenye `__name`, kwa hiyo hata ujumbe wa kosa unasomeka.

Mzee wa Stakabadhi: Nyongeza. Usimlazimishe dogo aandike `injini.mfumo.sauti.kodeki.Faili` eti kwa sababu C++ yako imepangwa hivyo. Ngazi moja inatosha. Mimi nasajili moduli kwa `luaL_requiref` na 0 mwishoni, globali inabaki safi, anayetaka anaandika `local sauti = require "sauti"`. Ukichoka kufanya kwa mkono, maktaba ya LuaBridge ina `beginNamespace`.

fundi_saa_nane: Bi Pointa, umepiga penyewe, `if` ilikuwepo. Sauti inacheza na haianguki tena. Ila kuna `luaL_checkudata` moja nilisahau kubadili, ikanilalamikia "Faili expected, got gemu.picha.Faili". Bila hiyo `__name` ningekesha.